Fidia ya utumwa ilikwenda kwa nani?

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba habari za tajiri na maskini wa visiwani zimepitwa na wakati, kwa kuwa utumwa ulifutwa zamani, tangu hapo kila mtu alianza sawa, na aliyebaki nyuma ajilaumu mwenyewe. Sina ugomvi naye. Ila hilo la "kuanza sawa" limenikwama kooni. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, siwezi kulimeza.

Amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba ilitolewa na Sayyid Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu Waingereza wamkalishe kwenye kiti kwa mizinga, katika vile vita vya Agosti 1896 vilivyochukua muda usiofika saa moja. Tarehe hiyo wanafunzi wangu waliijua kama jina la mama. Nikiwauliza amri yenyewe ilisema nini, darasa zima linatazama dirishani.

Kwa ufupi ilisema hivi. Mtumwa hakuwa huru siku ile. Alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaudai uhuru wake. Akishaupata, atalipa kodi yoyote ambayo serikali itaona inafaa, na lazima aonyeshe kuwa ana makao na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Masuria hawakuguswa, wao walisubiri mpaka 1909. Na mwenye mtumwa, akithibitisha kwamba alimmiliki kwa haki, atalipwa fidia kwa hasara aliyoipata.

Hiyo ya mwisho naomba msomaji mwenzangu airudie polepole. Aliyelima bila ujira maisha yake yote hakuandikiwa hata pesa moja. Aliyelipwa ni yule aliyekuwa akilimiwa.

Wala si Zanzibar peke yake. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wamiliki, na deni lililotokana na malipo hayo halikufutika kwenye vitabu vya serikali mpaka 2015. Maana yake vitukuu wa watumwa wa Jamaica waliohamia London walikatwa kodi kumalizia bei ya mababu zao. Haiti ndiko kulikovuka mipaka kabisa: watu wamejikomboa wenyewe kwa vita, kisha mwaka 1825 Ufaransa inawaletea manowari kudai faranga milioni 150. Baadaye ikapunguza hadi milioni 90, kama muuza samaki anavyokupunguzia jioni.

Turudi kwetu. Huyu aliyetoka mahakamani na karatasi mkononi, akaishi wapi? Ardhi hana, jembe pengine si lake, na akikaa barabarani ni mzururaji. Wengi walirudi palepale walipotoka. Mwenye shamba anamwachia ajenge kibanda na alime muhogo wake katikati ya mikarafuu, naye badala yake anapalilia. Mti wa kudumu ndio haruhusiwi kupanda. Mgeni anaweza kuliona hili dogo, lakini sisi tunajua kwamba huku mti ni mali mbali na ardhi: mnazi unaweza kuwa wa huyu na kiwanja cha yule. Muhogo unang'olewa mwakani, kwaheri. Ukimruhusu mtu apande mnazi, umempa pa kusimama yeye na wajukuu zake. Wenye mashamba walilijua hilo vizuri sana.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pemba katika shamba la namna hiyo. Ukucha wake wa dole gumba ulikuwa umepinda, akisema ni karafuu. Ikiletwa kutoka mtini inakuja na makonyo yake, vile vijiti vinavyoishikilia, kwa hiyo usiku wanawake na watoto walikaa duara, kibatari katikati, wakichambua mpaka vidole vinanata. Ujira ulikuwa kwa pishi, kile kipimo cha ujazo. Msimamizi akishajaza pishi aliitikisa ishuke, akaongeza mpaka ikafanya mlima juu, na mlima ule haukuhesabiwa. "Ule mlima, mwanangu, ndio uliojenga ghorofa," alikuwa akiniambia, halafu anacheka peke yake.

Nisionekane kama nasema kila Mwarabu mwenye shamba alilalia dhahabu. Wengi walizama katika madeni, mashamba yamewekwa rehani kwa wafanyabiashara wa Kihindi, hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga amri ya kuzuia ardhi yao isiwatoke kwa sababu ya madeni. Lakini hebu tazama: 1897 mwenye shamba alipopoteza watumwa, serikali ilimkimbilia. 1934 alipotaka kupoteza shamba, ikamkimbilia tena. Mchumaji alipokuwa na njaa aliambiwa mvivu, neno ambalo nimelikuta tena katika barua ya msomaji wenu.

Ng'ambo ya bara mambo yalikwenda vivyo hivyo. Utumwa ulifutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi. Wenye kujua ofisi na karatasi wakaandikisha. Waliokuwa wakilima tu wakajikuta maskwota mahali walipozikwa wazee wao. Mpaka leo kesi hizo hazijesha.

Walioyakimbia mashamba ya Unguja walikuja mjini, upande wa pili wa mkondo pale Darajani, ndiyo asili ya jina Ng'ambo. Wanawake walivua kaniki, nguo ya kitumwa, wakavaa kanga. Wakajenga nyumba za udongo na makuti kwa jasho lao, kumbe kiwanja kina mwenyewe, na kila mwezi anapita kudai kodi ya ardhi. Kodi ilivyozidi kupanda, mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Wakashtakiwa, wengine wakafungwa, na mwisho serikali yenyewe ikabidi iingilie kati kuzuia kodi isipandishwe ovyo. Mimi nimezaliwa Kikwajuni, hukohuko Ng'ambo, na utotoni niliwasikia wazee wakibishana nani hasa alianzisha mgomo. Kila mmoja alisema ni mtaa wake.

Mwaka 1964 yakaja Mapinduzi. Najua nyumba nyingi zina kilio cha mwaka ule, na sitaki kupita juu yake kama hakipo. Watu waliuawa, watu walinyang'anywa. Lakini eka tatu tatu za ardhi walizogawiwa wakulima baadaye ndiyo mara ya kwanza swali la 1897 kujibiwa, miaka zaidi ya 67 imeshapita. Hata hivyo bei ya karafuu ilibaki kupangwa na mnunuzi mmoja, yaani serikali, na katika miaka ya 1970 mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei ya dunia huku akikatazwa kwa adhabu kali kuvusha gunia kwenda Mombasa. Pishi ilibadilisha mkono tu, bibi, mlima wako uko palepale.

Nina ombi moja, Mhariri, pengine gazeti lenu linaweza kulifikisha. Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, watalii huingia kila siku kutazama sanamu za watu wenye minyororo shingoni. Mwezi uliopita nilikwenda na mjukuu wangu. Kijana aliyetutembeza alieleza vizuri habari za minyororo, habari za Askofu Steere aliyejenga kanisa pale, habari za altare yake. Mjukuu akamuuliza, walipofunguliwa walipewa nini? Yule kijana alinitazama mimi.

Kibao kimoja cha mbao kinatosha, chenye maneno ya amri ya 1897 kwa Kiswahili, sehemu ya fidia ikiwemo. Kuyaandika nitayaandika mimi, bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja