Anayeanza upinde wa kampaundi asiuziwe spidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama nimezidisha maneno nipunguzieni tu ila ile sehemu ya pamba msiiguse, mtaona huko mbele kwa nini.

Nimesoma makala yenu ya upinde wa kampaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, kwa mtu anayeanza na hela yake ni ya kuungaunga. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikidhani labda nimeruka aya, kumbe wapi. Mmezipanga pinde kwa spidi, yenye kasi juu, ya polepole chini, halafu mkamalizia eti mwenye bajeti ndogo achukue ya paundi 70, yaani uzito wa kuuvuta, moja kwa moja ili asije akanunua mara mbili. Jamani. Mimi ndo niliyechukua ya paundi 70 moja kwa moja, na mimi huyohuyo ndo nikanunua mara mbili.

Tuanze na hiyo spidi maana ndo inayowapumbaza wengi. Ile namba kwenye boksi, sijui futi 310, sijui 320 kwa sekunde, haipimwi na mtu kama mimi na wewe. Inapimwa upinde umewekwa paundi 70, mvuto (umbali wa kuvuta upote, ile kamba ya upinde) inchi 30, mshale mwepesi wa greini 350, yaani gramu 23 hivi, na mara nyingi upote hauna hata kijitundu cha kuchungulia. Sasa chukua mtu anayevuta paundi 45, mvuto wake inchi 27, mshale wake mzito kidogo. Kila inchi ya mvuto inayopungua inakula kama futi 10, paundi nazo zinakula zake, mshale nao unakula wake, mwisho wa siku umelipia namba ambayo hutakaa uione. Na hata ungeiona, sponji la kulengea haliulizi mshale umekuja na spidi gani.

Halafu hizo paundi 70. Shirikisho la dunia la mchezo huu, World Archery, kwenye mashindano yake haliruhusu kampaundi kuzidi paundi 60. Hao ni mabingwa wa dunia, wanalenga mita 50, shabaha ya sentimita 80, na wanafanya hivyo siku nzima. Na mwaka 2028 kampaundi inaingia Olimpiki ya Los Angeles kwa mara ya kwanza, timu ya mwanamke na mwanaume, kwa hiyo watu watakaotaka kujaribu wataongezeka, na mtu akifungua gazeti anaambiwa aanze na uzito ambao bingwa mwenyewe haruhusiwi kuingia nao uwanjani. Mliwaza nini?

Ngoja niwaambie yaliyonikuta. Niliupata wa mkononi, bado unang'aa, unaenda paundi 60 mpaka 70 na mvuto wake umefungwa inchi 30. Muuzaji akanipa nijaribu, nikauvuta kwa kuuelekeza juu kama nataka kutungua mwewe, mgongo umepinda, meno nimeyauma, ukaja. Nikajiona mwanaume, nikatoa hela. Nilichokuwa sijui ni kwamba upinde wako unatakiwa uuvute umeuelekeza kwenye shabaha, mkono umenyooka, bila kuunyanyua. Kipimo kizuri ambacho hakina gharama yoyote ni hiki: kaa kwenye kiti, nyanyua miguu yote miwili kutoka chini, halafu vuta taratibu. Ukishindwa, au ukianza kucheza dansi kwenye kiti, huo uzito sio wako, shusha. Mi nilipokuja kufanya hivyo nyumbani nusura nianguke na kiti.

Lakini paundi hazikuwa tatizo kubwa, tatizo kubwa lilikuwa zile inchi 30. Urefu wa mvuto unautafuta hivi, simama umenyoosha mikono yote miwili pembeni kawaida tu bila kujivuta, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati mpaka ncha ya kidole cha kati cha upande wa pili, hizo inchi gawanya kwa 2.5. Mimi ni inchi 69, inatoka 27.6, kwa hiyo wangu ni 27 na nusu. Mimi nikawa natumia 30! Nguo ya kuazima haisitiri, na upinde ni hivyohivyo. Nikawa nanyoosha mkono wa kushikilia mpaka kiwiko kinafunga, kichwa nakirudisha nyuma kuutafuta upote ulipo, na nikiachia upote unapita unanichapa upande wa ndani wa mkono, papo hapo panavimba, kesho yake pana rangi ya zambarau, keshokutwa kijani. Miezi miwili navaa mashati ya mikono mirefu. Na mishale inaenda inakotaka yenyewe.

Na hapa ndo kampaundi inapotofautiana na upinde wa kawaida ambao makala yenu iliuchanganya humohumo. Upinde wa kawaida, kadiri unavyovuta ndivyo unavyokuwa mzito, ukiwa na mikono mifupi unaishia katikati basi. Kampaundi ina zile kamu, yaani magurudumu ya huku na huku ambayo sio duara kamili, na ukishapita kilele uzito unaporomoka, wenyewe wanaita letofu. Upinde wa paundi 50 wenye letofu ya asilimia 80, ukifika mwisho unashikilia paundi 10 tu, unalenga bila kutetemeka. Alileta akili hiyo Mmarekani mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliomba hataza mwaka 1966 akapewa 1969. Sasa huo mwisho wa mvuto uko sehemu moja tu, umepangwa na kamu, huwezi kuukatisha wala kuuongeza kwa kupenda kwako. Ukiwa mrefu kuliko wewe, au mfupi, ndo umeshaharibu. Kama vitu viwili vinagombania hela yako, vipimo na spidi, lipia vipimo. Matt Stutzman hana mikono kabisa, anashika upinde kwa mguu, na alichukua dhahabu ya kampaundi kwenye Paralimpiki ya Paris 2024. Vifaa vyake vimepangwa kufuata mwili wake, sio mwili wake kufuata vifaa.

Kwa hiyo mwenye hela kidogo atafute upinde unaorekebishika. Zipo, na nyie mmeziweka mkiani! Bear Cruzer G2 inaenda paundi 5 mpaka 70 na mvuto inchi 12 mpaka 30. Diamond Infinite Edge Pro ni paundi 5 mpaka 70 vilevile, mvuto inchi 13 mpaka 31. Unarekebisha kwa funguo za kawaida za pembe sita bila kupeleka kwenye presi, ile mashine ya kuubana upinde, leo unavuta 35, mwezi ujao 40, misuli ikizoea unapanda tu, na mwanao au mkeo anaweza kuutumia huohuo. Sisemi hazina kasoro. Ukizishusha mpaka chini kabisa zinarusha kiuvivu, na ule mwisho wa mvuto unakuwa laini kidogo badala ya kugonga ukuta. Anayeanza hata hatajua. Kuna na Genesis, hiyo haina letofu kabisa, paundi 10 mpaka 20, inamkaa yeyote kwa sababu haina sehemu maalum ya kuishia, ndo wanayotumia kwenye ule mpango wa mashule wa Marekani ulioanzia Kentucky mwaka 2002. Kwa watoto nzuri sana, ila mtu mzima ataichoka mapema.

Kabla ya yote hayo jua jicho lako. Unganisha viganja uache katundu kadogo, kitazame kitu cha mbali ukiwa umefungua macho yote, halafu fumba moja moja, jicho ambalo ukilibakiza wazi kile kitu bado kinaonekana ndo jicho lako. Kama ni la kulia tafuta upinde wa mkono wa kulia, la kushoto wa kushoto, kampaundi haigeuzwi.

Sasa pamba.

Wengi wenye hela kidogo watanunua wa mkononi na sioni ubaya, wangu wa pili pia ni wa mkononi. Lakini nilishawahi kuona upinde wa rafiki yangu unavyokufa. Tumekaa, umeegeshwa ukutani, kijana mmoja akaunyanyua akauvuta bila mshale, akaachia. Ule mlio, kama ubao mkavu umekanyagwa na gari. Nguvu yote ambayo ingeondoka na mshale ilikosa pa kwenda ikarudi kwenye mikono ya upinde, yaani yale mabapa mawili yanayopinda, kebo ikaruka kutoka kwenye kamu ikaning'inia kama utumbo, na mkono wa juu ukachanika nyuzinyuzi karibu na ekseli inayoshika kamu. Hakuna aliyeumia, bahati tu. Upinde uliopigwa mtupu hivyo unaweza kutengenezwa ukapakwa rangi ukauzwa, na kwa macho huoni kitu. Sasa chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu kwenye mikono yote, mbele, nyuma na kingo, hasa kule kwenye ncha. Pamba ikinasa, hata kiuzi kimoja, acha. Mi nilipokuwa natafuta wa pili ilinasa kwenye upinde wa kwanza niliopelekewa, muuzaji akasema ni mkwaruzo wa rangi tu, nikamshukuru nikaenda zangu. Angalia na kamu kama hazijapinda, zungushia macho upote na kebo kama zimechakaa manyoyamanyoya, maana hizo huzibadilishi mwenyewe kwa kukanyaga upinde kama wa babu, zinataka presi, na hiyo ni hela nyingine.

Kuna hela nyingine pia ambazo makala haikuzigusa kabisa. Upinde ni kama nusu tu ya safari. Riliizi, kile kifaa cha kuvutia na kuachia upote chenye mkanda wa kifundo cha mkono, ni lazima, kwa sababu kampaundi ni fupi na upote ukivutwa unafanya pembe kali unabana vidole. (Ushauri wa bure, kidole kikae nyuma ya kitufe mpaka umeshafika mwisho na umelenga. Mi nilikigusa katikati ya kuvuta nikajipiga ngumi ya mdomo mwenyewe, mbele za watu.) Ile pakeji yenye saiti ya kulengea ya pini 3, podo, na kile kishikio cha mshale chenye manyoya ya brashi inamtosha anayeanza, msimtishe. Stabilaiza, ile fimbo ya mbele ya kutuliza upinde, aache kwanza.

Pasipotakiwa ubahili ni kwenye mishale. Bora 6 ya uhakika kuliko 12 ya kuokoteza. Kuna namba inaitwa spaini, 500, 400, 340, inapima mshale unavyopinda, na imekaa kinyume na mtu anavyodhani, namba kubwa ndo mshale laini. Mtu wa paundi 40 na kitu mara nyingi ataangukia 500, lakini asome jedwali la mtengenezaji kwa urefu wa mshale wake, asikisie. Usishuke chini ya greini 5 kwa kila paundi unayovuta, mshale mwepesi mno ni karibu sawa na kupiga mtupu. Ya mbao usiiweke kabisa kwenye kampaundi. Ya kaboni kila kabla ya kurusha ikunje kidogo karibu na sikio ukiizungusha, ukisikia inalia kr kr vunja uitupe, isije ikapasukia mkononi kwako. Sponji la kulengea nalo kama hela imekata, gunia lililoshindiliwa matambara linasimamisha mishale ya mazoezi vizuri tu, ila hakikisha nyuma yake hapapiti mtu.

Ombi langu mhariri ni dogo. Mkirudia hilo jedwali, ile safu ya spidi iondoeni, wekeni paundi kutoka ngapi mpaka ngapi, mvuto kutoka inchi ngapi mpaka ngapi, na kama kurekebisha kunataka presi au hakutaki. Na ile sentensi ya paundi 70 moja kwa moja mngeisahihisha. Wangu wa paundi 70 niliuuza kwa nusu ya hela niliyonunulia, kwa jamaa mmoja mrefu ana mikono kama makasia, na nikiwa mkweli unamkaa vizuri sana.

Msomaji wenu wa siku nyingi