Matandazo kabla ya baridi ya Njombe: yanachokinga na yasichokinga

Julai iliyopita mteja wetu mmoja, mama anayelima bondeni nje kidogo ya mji, alifika kitaluni asubuhi na mapema akiwa na jani la nyanya mkononi. Lilikuwa jeusi, limelegea kama lililochemshwa. "Mlinitandazia nyasi vizuri kabisa," alisema, "mbona nyanya zimeungua na barafu?" Kweli tulimtandazia sisi, na hatukumweleza vya kutosha. Haya ndiyo maelezo tuliyopaswa kumpa.

Huku kwetu mvua huanza Novemba na kukata Mei. Zikishakata, ukame na baridi vinaingia pamoja: baridi ya Juni na Julai, ukame mpaka Oktoba. Mteja akituita kutandaza, mawazo yake huwa kwenye baridi. Lakini kazi kubwa ya matandazo, au boji kama mabwana shamba wanavyoyaita, ni kutunza maji. Udongo uliofunikwa sentimita 8 haupigwi na jua wala upepo wa Agosti, kwa hiyo mvua za mwisho zinabaki chini kwa mizizi. Ndiyo sababu tunang'ang'ania Mei, udongo ukiwa bado umelowa. Ukisubiri Julai, unafunika ukavu, na ndoo zako za kwanza za kumwagilia zinanywewa na nyasi.

Sasa barafu. Mchana udongo hupokea joto la jua, usiku huliachia taratibu, na joto hilo ndilo linalopasha hewa iliyo karibu na ardhi. Matandazo ni blanketi la udongo. Yanazuia joto kuingia mchana na yanalizuia kutoka usiku. Mizizi inafaidi, lakini jani lililo juu ya blanketi halipati kitu. Usiku mweupe usio na wingu wala upepo, hewa ya juu ya nyasi inapoa kuliko ile iliyo juu ya udongo mtupu wenye unyevu. Ongeza na bonde: hewa baridi ni nzito, hutiririka kutoka mlimani kama maji na kutuama kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni. Nyanya za yule mama zilikuwa mahali pabaya kuliko pote, na nyasi zetu zikazidisha.

Kwa hiyo siku hizi tunatenganisha. Kabichi, figili wa majani, vitunguu na karoti vinastahimili baridi. Hivyo tunatandaza bila wasiwasi. Nyanya, viazi, maharage na parachichi changa ni habari nyingine. Kwa hizo, bondeni tunaacha udongo wazi mpaka baridi kali ipite, au tunasogeza nyasi pembeni. Mbingu ikiwa nyeupe, mwagilia mchana, kwa sababu udongo wenye maji hubeba joto zaidi ya mkavu. Jioni funika mmea wenyewe kwa gunia au shuka lililoshikiliwa na vijiti lisiguse majani, likifika mpaka chini ili joto la ardhi lisitoroke. Asubuhi jua likipanda, funua.

Nyasi zipi? Zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu, maana vinginevyo unapanda magugu kwa mkono wako. Muulize anayekuuzia kama eneo lilipigwa dawa ya magugu. Zipo dawa zinazobaki kwenye nyasi kavu na kudhuru nyanya na maharage. Mabua ya mahindi ni mazuri yakikatwakatwa, ila pasua machache kwanza uone kama hayana viwavi. Majani ya paina tunayapenda sana: hayapeperushwi ovyo na maji yanapita. Wengi wanaogopa kwamba yanatia udongo tindikali, lakini yakilala juu tu athari yake ni ndogo. Maranda ya viwanda vya mbao yapo tele hapa Njombe. Yatandaze juu, usiyafukie, kwa sababu yakioza ndani ya udongo yanachukua naitrojeni na mboga zinageuka njano. Majani mabichi ya mikaratusi usiweke kabisa kwenye miche midogo.

Popote utakapotandaza, acha nafasi kuzunguka shina: vidole vinne kwa mboga, sentimita 15 kwa parachichi. Shina lililogusana na nyasi zenye unyevu huoza. Na tafadhali, karibu na jiko la kuni au mpaka unaopitiwa na moto kichaa, acha ukanda mtupu wa mita kadhaa. Majani ya paina yakikauka yanawaka haraka mno.

Tuta la mita 1 kwa 10, kwa unene wa sentimita 8, linahitaji mita za ujazo 0.8, yaani toroli kama 13. Nyasi hulala baada ya wiki chache, hivyo anza na unene wa karibu mara mbili.

Kazi za kutandaza tunazipokea kuanzia katikati ya Aprili. Tunakuja kwanza kuiona bustani, hasa kama iko bondeni, ndipo tunakupa bei. Ukiwa na nyasi au mabua yako mwenyewe, usiyachome. Tutayatumia, nawe utalipia kazi ya mikono tu.