Muulize Mzee usiku unakwendaje

Ujiji, Kigoma
14 Juni

Shoga yangu mpenzi Mama Tausi,

Asalaam aleikum. Barua yako niliipata Jumatano, yule kijana wako alishuka na treni akaileta mpaka mlangoni. Nimeisoma mara tatu. Pale uliposema Mzee anauma shuka usiku ili wajukuu wasimsikie, niliikunja nikatoka uani nikalia.

Mmeambiwa mrudi nyumbani kwa kuwa saratani ya Mzee haina tena cha kufanyiwa. Na sisi tuliambiwa hivyohivyo juu ya Mama, nami nikaamini wiki 5 nzima. Wiki hizo 5 zinaniuma mpaka leo kuliko hata siku aliyofariki. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshasambaa, kuiondoa haikuwezekana tena. Lakini maumivu yalikuwa na dawa. Harufu ya kidonda nayo ilikuwa na dawa, na kukosa usingizi vilevile. Sisi tulikuwa tukimkanda kwa maji ya moto, tunampa panadol, tunamwambia avumilie.

Aliyetutoa gizani ni muuguzi mmoja aliyesomea tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso hata kama ugonjwa wenyewe hauponi. Neno hilo, shufaa, mimi nilizoea kulisikia msikitini tu. Alivua viatu, akakaa mkekani karibu na Mama, wala hakuanza na habari za uvimbe. Alimuuliza, "Bibi, usiku maumivu yanakuamsha saa ngapi?" Mama alimtazama kitambo kirefu. Miezi yote ile hakuna aliyemuuliza hivyo, hata mimi mwanawe.

Akaanzishiwa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Najua kaka yako anasema hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Kwetu Mjomba alisema maneno hayohayo. Mjibu kwa adabu, lakini usimkubalie. Ikipimwa na daktari kulingana na maumivu na kuongezwa taratibu, haimuui mgonjwa wala haimgeuzi teja. Mwambie Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu 1986: maumivu ya saratani yatibiwe kwa ngazi, kutoka dawa nyepesi hadi mofini, kwa kunywa na kwa saa zilizopangwa. Hapo Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi, yaani huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, mwaka 1993, mofini ya unga ikachanganywa na maji ili mgonjwa ainywe akiwa kitandani kwake. Mama mwenyewe alisinzia sana siku 2 au 3 za mwanzo, akapata na kichefuchefu, tukaingiwa na hofu. Siku ya nne akaomba ugali wa muhogo na mgebuka, akauliza mbona mawese hayajatiwa.

Nguvu ya mofini hukaa kama saa 4. Kwa hiyo tulimpa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku. Ile ya usiku daktari aliagiza iwe maradufu ili Mama alale mpaka alfajiri. Usingoje maumivu yarudi ndipo ukimbilie chupa, maana yakishapanda kuyashusha ni kazi. Na omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo ya kwanza, kwa sababu mofini hufunga choo na haiachi kufunga. Chupa ikae kabatini chini ya kufuli. Si kila zahanati inayo, basi ulizia hospitali ya mkoa, taja kabisa neno tiba shufaa.

Harufu ndiyo iliyokuwa imewafukuza majirani. Muuguzi akatuelekeza kusaga vidonge vya metronidazo na kuvitumia pale penye kidonda, na baada ya siku chache kina mama walirudi kukaa naye barazani. Nakwambia, siku ile niliwachemshia chai kama ya harusi.

Kwa Mzee kuna jambo jingine. Umesema saratani ya tezi dume imeshafika uti wa mgongo. Uliza kuhusu mionzi. Wengi tunadhani mionzi ni ya kuponya tu, kumbe mara nyingine hata kikao kimoja hutuliza maumivu ya mfupa. Bugando pale Mwanza ipo, na Ocean Road Dar es Salaam. Halafu hili lishike sana, shoga yangu: miguu ikilegea au kufa ganzi ghafla, au mkojo ukigoma kutoka, usingoje kuche. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, huenda uti wa mgongo unabanwa, na kila saa inayopita inaweza kumgharimu miguu yake.

Unasema mmekubaliana asijue ugonjwa wake. Mimi naona anajua. Mtu anayewaficha wajukuu maumivu yake anajua. Mama alipopata usingizi wa siku kadhaa ndipo alipoanza kusema: nani anamdai, nani anadaiwa, kanga zake apewe nani, na nani amwoshe. Kabla ya hapo maumivu yalikuwa yamemziba mdomo. Kaa na Mzee peke yenu, muulize anataka kujua nini, kisha unyamaze umsikilize.

Chakula msimlazimishe. Siku za mwisho Mama alikataa hata uji, tukabaki kumlowanisha midomo kwa pamba na kumgeuza kila baada ya saa 2 asiote vidonda. Nilikuwa nimeshika mkono wake, nikimsomea Yasini. Alikuwa ametulia. Mungu amrehemu.

Na wewe je, unalala? Yule kaka yako asiyeitaka mofini mpe zamu ya saa 4 usiku. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa Mjomba. Alianza kwa kununa, lakini aliona kwa macho yake uso wa dada yake ukilegea na usingizi ukija. Wiki ya pili yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha saa.

Nakuja na treni ya wiki ijayo, inshallah, nikae siku 10 ili wewe ulale. Nitaleta dagaa na dumu la mawese. Wewe tafuta daftari, na usiku wa leo kaa karibu na Mzee umuulize maumivu yanamwamsha saa ngapi, yanaanzia wapi, yanakaa muda gani. Andika kama atakavyosema, kwa maneno yake. Daftari hilo ndilo tutakaloingia nalo kwa daktari.

Nisalimie Tausi na wadogo zake. Mzee mwambie shikamoo yake ninaileta mwenyewe.

Ni mimi mwenzako,
Mama Shani