Msimfiche daktari kama mzee aliwahi kuugua tezi dume

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wa hapa Dar kuhusu aibu ya kuitaja saratani ya tezi dume, maana inatumalizia wazee. Mtu presha ataitaja, sukari ataitaja, mpaka TB, ila hii utasikia tu "mzee ana shida ya mkojo" na hapo maongezi yameisha.

Mjomba wangu wa Mbagala alitibiwa kwa sindano za homoni akapata nafuu nzuri tu, wengi nyumbani wakajua yamekwisha. Baadaye akaanza kulalamika kichwa, asubuhi akiamka kinamgonga na anatapika, halafu akawa anachanganya watu, mwanae anamwita jina la marehemu kaka yake, kikombe cha chai kinamponyoka mkononi. Huyu anasema uzee, yule malaria imepanda kichwani, wengine wakaanza kuchangishana hela ya mganga eti katupiwa kitu. Alivyofikishwa hospitali daktari akauliza magonjwa ya nyuma, binamu yangu akajibu "ana presha tu", kisa wajukuu wamesimama pale akaona haya kusema. Basi akawa anatibiwa kama mgonjwa wa kiharusi mpaka mkewe alipotoa kadi ya zamani ya kliniki kwenye mkoba, ndo vipimo vikaangaliwa upya, kumbe kichwani kuna uvimbe, na ni saratani ile ile ya tezi dume imesambaa mpaka kwenye ubongo.

Sitaki kumtisha mtu, jambo hili ni nadra. Saratani hii ikisambaa kawaida inakimbilia mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga, na mitoki, mara nyingine mapafu na ini. Lakini kwa sababu ni nadra hivyo, daktari asipoambiwa historia ataanzaje kuifikiria? Na ikijulikana kuna cha kufanya, kuna dawa za kupunguza uvimbe, kuna mionzi, wengine wanapasuliwa. Hapo hatuongelei kupona kabisa, tunaongelea maumivu kupungua na mzee kuwajua tena watoto wake, na kwangu mimi hilo ni kubwa sana.

Na mzee wa tezi dume akianza kuumwa mgongo huku miguu inakuwa mizito, ina ganzi, au mkojo anashindwa kuuzuia, huyo msimkandekande na maji ya moto, mpelekeni siku hiyo hiyo maana uti wa mgongo ukibanwa sana anaweza asitembee tena.

Wanaume wenzangu, Askofu Desmond Tutu aligundulika nayo mwaka 1997 akasema hadharani dunia nzima ikasikia, akaishi mpaka 2021. Sisi tunamficha nani? Ukifika miaka 45 muulize daktari kuhusu kipimo cha PSA, kile cha kuangalia dalili za saratani hii, ni damu tu inatolewa mkononi, na kama baba au kaka yako aliugua usisubiri umri huo, uliza mapema zaidi, kwani sisi watu weusi inatupata zaidi kuliko wengine.

Ombi langu kwako mhariri, ukurasa wenu wa afya ufungue mjadala huu, mtuletee daktari wa hospitali ya saratani ya Ocean Road ajibu maswali ya wasomaji, na ajibu kwa lugha ya wazi kabisa.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam