Minada ya mtandaoni na wapambe wa muuzaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo naona limeanza kuzoeleka katika minada inayoendeshwa kwenye makundi ya WhatsApp, ambamo sisi mafundi, wenye saluni na wenye maduka madogo wa Mtwara siku hizi tunanunulia vitendea kazi vyetu bila kupanda basi hadi Dar es Salaam. Jambo lenyewe ni muuzaji kujipandishia dau la mali yake mwenyewe, kwa kutumia watu au namba za simu ambazo mnunuzi anadhani ni za washindani wake; hao ndio ninaowaita wapambe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Chikongola. Wiki chache kabla ya Ramadhani, nikijiandaa kwa mishono ya Idi, niliona mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, iliyotumika ikinadiwa katika kundi mojawapo, dau likianzia Sh150,000 na mnada ukitakiwa kufungwa saa tatu usiku. Picha ilionyesha mashine ikiwa juu ya meza yake, na mota na kanyagio vikionekana kwa chini. Nilitaja 160,000, na haikupita dakika moja namba nyingine ikataja 170,000. Fundi mwenzetu wa Mikindani, mama ninayemfahamu, aliingia na 180,000 akaishia hapo. Baada ya hapo tukabaki mimi na ile namba: nikipanda inapanda, nikinyamaza inanyamaza, hadi muuzaji alipoandika kwamba zimebaki dakika tano na ovaloki inaondoka hivi hivi, ndipo namba ya tatu nayo ikajitokeza kuendeleza moto. Nilifika 300,000. Ilipotajwa 310,000 nikazima data nikalala, kwa sababu fedha niliyokuwa nayo ilikuwa imekomea hapo.

Asubuhi, kabla sijafungua kibanda, muuzaji alinitumia ujumbe pembeni: "Dada, aliyeshinda amepata dharura. Nakupa wewe kwa dau lako la mwisho, laki tatu. Tuma kishika uchumba elfu hamsini nikuwekee." Nakiri kwamba nilifurahi na kujiona nimependelewa, nikatuma. Sikujiuliza kwa nini, ikiwa mshindi ameondoka na dau lake, mimi niliyebaki nilipe bei ambayo nilifika kwa kusukumwa na huyo huyo aliyeondoka. Ukiziondoa zile namba mbili, mshindani wangu wa kweli aliishia 180,000, na mimi ningeichukua mashine kwa 190,000. Tofauti hiyo ya Sh110,000, kwa mtu ambaye mshono wa gauni anautoza Sh15,000, ni magauni saba ya kukesha.

Mashine ilipofika stendi ilikuwa kichwa kitupu, bila meza wala mota. Nilipopiga simu nilijibiwa kwamba maelezo yaliandika "ovaloki" na hayakutaja meza, jambo ambalo ni kweli ukisoma maandishi tu na kuifumbia macho picha. Nauli ya mzigo nilikuwa nimetozwa Sh40,000, huku stakabadhi ya basi iliyobandikwa kwenye boksi ikisomeka Sh15,000. Haya mawili niliyameza, kwa kuwa mtu makini angeuliza mapema, na mimi sikuuliza. Lile la dau lilikataa kumezeka.

Kwa hiyo nilibaki kimya ndani ya kundi kwa wiki tatu, nikiandika nyuma ya daftari langu la vipimo kila mnada uliopita, namba zilizotaja dau na saa zilipotaja. Kati ya mashine saba zilizonadiwa, zile namba mbili zilishiriki katika tano. Zilishinda tatu, na zote tatu zilirudi kunadiwa au kupelekwa kimyakimya kwa mtu wa pili, kama nilivyopelekewa mimi. Hazikuwahi kuuliza swali hata moja kuhusu hali ya mashine, umeme inaotumia au upatikanaji wa vipuri. Fundi anayetaka kununua ovaloki bila kuuliza kuhusu sindano zake, mimi sijawahi kukutana naye.

Nilipowasimulia wenzangu, wengi walinishauri nitume namba ya muuzaji kwenda 15040. Huduma hiyo ni ya kuripoti matapeli wanaotuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na nisingependa kumsingizia mtu: huyu wangu ana duka na ana mali, na mzigo aliutuma. Ubaya wake upo katika namna ya kupata bei, na ndiyo maana watu wengi huona aibu hata kulalamika, kwani wakiulizwa nani aliwalazimisha kutaja laki tatu hawana jibu.

Jibu lipo katika sheria, tena ya zamani. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo ilitungwa enzi za ukoloni kwa kufuata ile ya Uingereza ya 1893, inaeleza kwamba mnadani mwenye mali akitaka kuwa na haki ya kutaja dau lazima atangaze hivyo waziwazi. Asipotangaza, si halali kwake kutaja dau mwenyewe wala kumtuma mtu amtajie, na mnunuzi anaruhusiwa kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Sheria hiyo haikusubiri simu za mkononi kuvumbuliwa ndipo imjue mpambe.

Wenzetu waliotangulia katika minada ya mtandaoni walikutana nalo mapema. Mwaka 2000 nchini Marekani, katika soko la eBay, picha moja ya kuchorwa ilipandishwa hadi zaidi ya dola 135,000, na mauzo yakafutwa ilipobainika kwamba muuzaji alikuwa amejitajia dau. Soko hilo linakataza muuzaji, ndugu zake na wafanyakazi wake kutaja dau katika mali yake. Linao pia utaratibu wa kumpa mali aliyeshika nafasi ya pili iwapo mshindi hakulipa, na utaratibu huo wenyewe si mbaya, ila unamfaa mno mwenye wapambe, maana anaweza kuliruka dau la mnunuzi kwa makusudi bila hofu ya kubaki na mali mkononi. Tofauti ni kwamba kule kuna mwenye soko anayeweza kukagua akaunti. Katika kundi la WhatsApp, mwenye soko, mnadi na mwenye mali ni mtu mmoja, na ukiuliza sana anakutoa.

Watu wa Kusini tunaujua mnada. Tumekaa kwenye minada ya korosho tukisikiliza bei za wanunuzi zikisomwa mbele ya wakulima, na tangu msimu wa 2024/2025 tumeziona zikishindanishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania. Marehemu baba yangu alikuwa na mikorosho Tandahimba, na mwaka 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walipoona bei hazilipi walizikataa mnadani, kila mtu akisikia. Yaliyofuata baadaye, pamoja na Serikali kutangaza kununua kwa Sh3,300 kwa kilo, yana mjadala wake na sitauingia. Ninachokishika ni kile kitendo cha kwanza, cha mwenye mali kusema wazi kwamba kwa bei hii siuzi. Muuzaji wa ovaloki alikuwa na haki hiyo hiyo. Angeandika kwamba chini ya 250,000 haitoki, nisingemlaumu kwa lolote.

Nimezungumza na wauzaji wawili wa hapa mjini, na malalamiko yao nayo yana uzito. Wanasema watu hutaja dau kwa mzaha saa nne za usiku, asubuhi simu haipokelewi, na kwamba kishika uchumba kilianzia hapo. Ni kweli, na mnunuzi wa namna hiyo anastahili kuondolewa kundini. Lakini dawa ya mtaja dau wa uongo haiwezi kuwa kumwongezea wengine wawili.

Ninachoomba, kwa hiyo, ni kidogo. Mamlaka zinazosimamia leseni za madalali na Tume ya Ushindani zitamke bayana kwamba mnada wa kwenye simu ni mnada, na anayeuendesha anabanwa na masharti ya mnada. Wauzaji nao watangaze bei yao ya chini mwanzoni, na mshindi akijitoa, mali inadiwe upya au hesabu irudi hadi dau la mtu wa kweli aliyemtangulia. Wanunuzi wenzangu nawaomba wawe na mazoea ya kuhifadhi picha za mazungumzo, kwa sababu bila zile kurasa za daftari langu hata mume wangu asingeniamini.

Wiki iliyopita, katika makundi mawili tofauti, niliuliza swali moja kabla ya kutaja chochote: mnada huu una bei ya chini? Katika la kwanza niliondolewa bila jibu. Katika la pili muuzaji alinijibu mbele ya wote kwamba cherehani ile haitoki chini ya Sh220,000. Nilikuwa na 200,000, nikamshukuru, nikawaachia wengine.

Fundi Cherehani,
Chikongola, Mtwara