Yesu aliuliza "tangu lini"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe jambo lililonikaa moyoni tangu Kwaresima.

Huku Mahenge kifafa tunaishi nacho. Binti wa jirani yangu, miaka 11, anacho. Alikuwa anameza vidonge kila jioni, na miezi saba ilipita hajaanguka. Kisha mama yake akaenda kwenye mkutano wa maombezi. Mhubiri akamwambia mbele ya umati kwamba mtoto amefungwa na dhambi ya mzazi. Atubu pale pale kwenye kipaza sauti, na vidonge aviache, maana kuvimeza ni kukosa imani. Mama wa watu akatubu hata ambayo hakuyatenda. Wiki ya pili binti alianguka motoni akisonga ugali. Nilipofika, mkono wa kulia ulikuwa umezungushiwa kanga iliyolowa maji, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, naye halii, anatetemeka tu.

Mimi ni katekista, mwaka wa 22 huu. Dhambi ipo, na toba inaponya. Nimeona watu wakitoka kwenye kitubio kama waliotuliwa mzigo wa kuni. Kanisa langu linaita Kitubio na Mpako wa Wagonjwa sakramenti za uponyaji. Lakini kitubio hufanyika sikioni mwa padre, naye haruhusiwi kuitoa siri ile hata kwa kutishiwa kifo. Na kwenye mpako, mgonjwa hupakwa mafuta kwenye paji la uso na viganjani. Hakuna anayeambiwa kwanza ataje dhambi iliyomletea ugonjwa, wala atupe dawa.

Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, Yohane sura ya 9: nani ametenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawajibu, si yeye wala wazazi wake. Na yule baba wa mtoto aliyekuwa akianguka motoni na majini, Marko sura ya 9, aliulizwa: amepatwa na haya tangu lini? Ndilo swali analouliza nesi wa kliniki yetu ya kifafa, akiwa na kadi mkononi. Baba akajibu, tangu utoto. Yesu akamkemea pepo. Baba hakudaiwa maungamo.

Kliniki hiyo ilianzishwa karibu mwaka 1960 na Dkt. Louise Jilek-Aall kutoka Norwei, enzi ambazo mgonjwa alitengewa sahani yake kwa kuogopwa mate. Leo wataalamu wanahusisha kifafa cha huku na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na kuumwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yetu iendayo kasi. Mama yule amekuwa akichota maji mtoni tangu akiwa msichana. Dhambi iko wapi hapo?

Na mimi nina langu. Aliponiaga siku ile nilimwambia, "Nenda tu, mama, kuombewa hakuna hasara." Habari ya vidonge sikuigusa, wakati nilijua wanavyohubiri.

Wahubiri, nawasihi: wekeeni wagonjwa mikono, ombeni hata usiku kucha, kisha mwambieni mgonjwa ameze dawa yake. Nasi makatekista tuliseme hilo kila Jumapili kwenye matangazo.

Binti amerudishiwa vidonge. Jumapili iliyopita alikuja kanisani na bandeji, akapokea komunyo kwa ulimi. Mama yake alibaki benchi la nyuma, hakuinuka.

Katekista,
Mahenge, Morogoro