Dema la kaa lifungwe kwa uzi unaooza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wanaovua kaa kwenye magati ya umma jambo linaloua kaa bure: dema, yaani mtego wa kizimba, linalopotea.

Kamba ikisuguana na nguzo zilizoota chaza hukatika, dema la waya likabaki chini na chambo chake. Haliachi kuvua. Kaa huingia akifuata harufu, hukosa pa kutokea, hufa, na mzoga wake huwaita wengine. Huendelea hivyo miezi mingi, hadi waya uliwe na kutu. Dawa yake ni nyepesi: kata tundu kwenye nusu ya juu ya ubavu, kubwa kiasi cha kumpitisha kaa mpevu, kisha lizibe kwa uzi wa pamba au katani usiotiwa dawa. Uzi huo huoza majini na tundu likafunguka lenyewe. Nailoni haifai hata kidogo, kwani haiozi. Kagua uzi kila unapotega, ubadilishe ukianza kulegea.

Kwa anayeshinda gatini, wavu wa pete mbili, yaani pete mbili zilizounganishwa kwa nyavu, ni bora zaidi, kwa kuwa ukipotea haumfungii kaa. Chini hulala bapa. Kaa hunaswa pale tu unapovutwa. Kaza kichwa cha samaki katikati kabisa, la sivyo kaa atakiburura hadi ukingoni na pete itamwacha nje. Subiri dakika 10 hadi 15. Kwanza kusanya kamba iliyolegea polepole, halafu vuta mfululizo kwa kasi. Wengi hupumzika katikati. Hapo pete hushuka na kaa huogelea zake. Mkondo ukiwa mkali wavu husogea, basi ongeza vipande vya risasi vya kuutia uzito au ngoja maji yasimame. Na kamba ipimwe kwa maji yakiwa yamejaa, iachwe na ziada, maana ikiwa fupi wavu utaning'inia.

Kaa asiyefikia kipimo cha sheria, jike mwenye mayai tumboni na yule ambaye gamba lake bado linabonyea warudishwe, tena washushwe kwa wavu. Kumrusha kutoka juu ya gati huweza kumpasua gamba. Unaowachukua wafunike kwa gunia bichi kivulini. Ndani ya ndoo ya maji hewa huwaishia upesi, na kaa aliyekufa kabla ya kupikwa asiliwe.

Mvuvi wa kaa